Kila Nilipompima Baba, Alifaulu

Kwenye picha ya mahafali yangu Baba amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Kanzu yake imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, na upande wa kushoto, chini ya goti, kanzu imelala tupu. Anacheka. Mimi nimesimama nyuma yake na joho langu, nimeshika vishikio vya kiti, na nimenuna kama niliyetoka kugombana na mpiga picha. Jamaa wakija nyumbani huitazama ile picha ukutani wakasema, mashallah, mtoto kasomea miguu, na babake ndiye wa kwanza kufaidi. Wanasema kwa wema. Mimi huondoka nikaenda jikoni kuangalia chai, kwa sababu nikibaki nitajibu, na nikijibu nitaharibu ugeni.

Nilisomea tiba ya viungo katika chuo kikuu kimoja hapa Dubai, katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Tulikuwa tukikaa Deira, mimi na Baba na Mama, na Baba alikuwa msimamizi wa ghala la viungo vya chakula kule Al Ras. Kazi yake ilikuwa ya kusimama na kutembea tangu asubuhi: kupokea magunia, kuwapanga wachukuzi, kufungua gunia na kunusa, kubishana, kupatana. Alirudi nyumbani nguo zikinuka iliki. Alikuwa ametoka Unguja kijana mdogo, akaletwa na ami yake, na shule aliiacha nusu. Hilo la shule hakulisema mara nyingi, lakini kila mtu aliyefika kwetu aliambiwa kabla hajakaa kwamba binti wa nyumba hii yuko chuo kikuu.

Siku nilipopata barua ya kukubaliwa, Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja. Alivua bangili zake za dhahabu mkononi mwake akanivisha mimi. Zilikuwa nyembamba, nyingi, na zikipiga kelele. Chuoni hazikuruhusiwa siku za mazoezi ya vitendo. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Kihindi asiyecheka ovyo, alitwambia mkono unaomgusa mgonjwa uwe mtupu, kwa ajili ya usafi. Basi asubuhi nilizivua kwa sabuni na jioni nikazirudisha, maana Mama hakuweza kuvumilia. Msichana mikono mitupu, alikuwa akisema, kama yuko msibani.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na vitanda vyembamba vya kujikunja na mapazia, wasichana upande huu, wavulana upande ule. Tulipimana wenyewe kwa wenyewe. Leo wewe mgonjwa, kesho mimi. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa msichana mmoja Mkenya, mcheshi sana, mwenye miguu ya mcheza mpira, na alikuwa akiigiza maradhi yote kwa kelele moja. Mwalimu akisema leo ni kiharusi, yeye analia. Akisema leo ni goti, analia vilevile. Tulicheka sana katika kile chumba. Nikikumbuka sasa naona kwamba tulisomea ugonjwa kwenye miili mizima. Hakuna aliyekuwa na mguu mbovu pale. Tukigusa, mtu anahisi. Tukigonga goti, mguu unaruka. Tulijua jibu zima likoje. Jibu bovu tulilisoma kitabuni.

Ukipenda kufaulu, ilibidi ufanye mazoezi na nyumbani, na nyumbani mgonjwa nilikuwa naye.

"Haya daktari, mgonjwa wako kafika," Baba alikuwa akisema baada ya magharibi, akijilaza kwenye godoro la sebuleni.

"Mimi si daktari, Baba."

"Anayenishika mguu bila ya kunichekea, huyo ni daktari."

Nilimpima kila nilichofundishwa. Mabega, kiuno, magoti. Nikimgonga kwa kinyundo chini ya goti alirusha mguu kwa nguvu kuliko inavyohitajika, akatazama kama nimeridhika. Mama alipita na sinia akasema, mtazameni mzee anavyocheza ngoma kalala. Lakini kilichompendeza Baba kuliko vyote kilikuwa kipimo cha kuhisi. Mgonjwa unamwambia afumbe macho, unachukua kipande cha pamba, unamgusa hapa na pale miguuni, na kila anapohisi anasema. Baba alikuwa na sukari, ya vidonge tu, si ya sindano, na sote tulikuwa tumekwisha kufundishwa kwamba mwenye sukari utazame miguu yake kwanza. Kwa hiyo hicho nilikirudia mara nyingi. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nalisema hili kwa uchungu, si kwa kujisifu.

Baba alifumba macho, akainamisha kichwa kidogo upande wangu, akatulia. Nikamgusa kidole gumba.

"Hapo."

Wayo.

"Hapo."

Kisigino, kifundo, ubavu wa mguu. Hapo, hapo, hapo. Hakukosa.

"Umefaulu, Baba," nilimwambia, nikimpiga kofi dogo la mguu.

Naye akapaza sauti kuelekea jikoni, "Unasikia, wewe mwanamke? Nimepata zote!"

Kesho yake ghalani watu wote walijua. Wachukuzi walijua, arbab wake, yaani bosi wake Mwajemi, alijua, muuza chai alijua, kwamba mzee kapimwa na chuo kikuu na miguu yake ni ya kijana. Mimi nilicheka, nikaona raha. Neno lile, umefaulu, lilinitoka kila mara kwa wepesi kama mtu anavyosema ahsante. Natamani ningekuwa na neno jingine mdomoni. Mgonjwa hafaulu wala hafeli. Mgonjwa anakwambia kilichopo. Lakini Baba hakuwa amekaa katika mtihani tangu utoto wake, na mimi nilikuwa nimemfungulia shule upya pale sebuleni, na mwanafunzi mwenye hamu kama yeye sijamwona mpaka leo.

Nilikuwa mwaka wa tatu lilipotokea lile la Ijumaa. Ilikuwa katikati ya kiangazi, jua la kuchoma kope. Msikiti wa karibu na ghala ulijaa, watu wakaswali mpaka nje, na viatu vikarundikana mlangoni. Baba alipotoka hakuyakuta makubadhi yake. Mtu alikuwa amekosea, au amefanya makusudi. Pale nje kulitandazwa vigae, na baada ya vigae ni lami, na vyote vilikuwa vimepikwa na jua tangu asubuhi. Baba akaenda zake peku mpaka ghalani. Akarudi nyumbani jioni na kandambili za kuazima, na kisa.

"Wallahi mngewaona," alituhadithia, akiigiza kwa mikono. "Kulikuwa na wengine waliopotelewa kama mie. Vijana wazima! Wanaruka kama kuku kwenye chungu. Mmoja kavua kilemba kakikanyagia. Mie napita katikati yao, taratibu, bismillah, kama bwana harusi. Wananitazama! Nikawaambia, hizi ni nyayo za Unguja, hizi. Zimekanyaga matumbawe."

Mama alicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwaka wa tatu wa tiba ya viungo, na kitabu kiko wazi mapajani mwangu. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba mtu anayepita juu ya moto bila kuruka si shujaa. Ningewezaje kufikiri hivyo? Wiki ileile nilikuwa nimempima. Nilikuwa nimempima na amepata zote.

Mama ndiye aliyeona mwanzo. Aliona alama za unyevu sakafuni, kutoka chumbani mpaka sebuleni, akadhani ni maji ya udhu, akalalamika kwamba huyu bwana hajui kujifuta. Akapiga deki. Zikarudi. Siku moja akainama kuzifuta akasikia harufu, akamkalisha Baba kitandani na kumnyanyua mguu wa kushoto kwa lazima, naye anapiga kelele kwamba ana haraka, ghala linamngoja. Mama aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Sitaeleza nilichokiona kwenye wayo ule. Nitasema tu kwamba mtu mwenye mguu unaohisi asingeweza kukanyaga hata hatua moja, na Baba alikuwa amekwenda kazini siku zote hizo, akirudi na kutuuliza kuna nini cha kula.

Tukampeleka kwenye kliniki moja ya Oud Metha. Daktari alikuwa kijana mpole, Mmisri. Alisafisha kidonda bila ya kusema mengi, kisha akatoa kijiuzi kigumu cha nailoni kilichotiwa kwenye mpini, akamwambia Baba kwa Kiarabu afumbe macho na aseme kila anapoguswa. Baba alifurahi. Kipimo hiki alikijua. Akanikonyeza, akafumba macho, akainamisha kichwa upande wangu, kama kawaida yake, sikio mbele.

Daktari akagusa kidole gumba. Akagusa kidole cha mwisho. Akagusa wayo, hapa, hapa, na hapa. Akahamia mguu wa pili. Chumba kimya, kiyoyozi tu kinavuma. Mimi nilikuwa nimekunja mikono kifuani, nimejishika. Kijiuzi kilikwenda mpaka kisiginoni na kurudi.

Baba akasubiri. Halafu akafumbua jicho moja, akaninong'oneza kwa Kiswahili:

"Mbona haanzi?"

Daktari alikuwa amekwisha kumaliza. Alikuwa akiandika.

Nilimuuliza Baba tulipotoka, kwenye maegesho ya magari, Mama akiwa bado ndani anachukua dawa. Nilimuuliza alikuwa akinijibu vipi mimi miaka yote ile.

Akaniangalia kwa mshangao, kama naulizia jambo ambalo sote tunalijua. "Kwa bangili zako, mwanangu. Zikilia, najua ushanigusa. Nasema hapo."

"Na kuhisi? Ulikuwa unahisi?"

"Mwanzo nilikuwa nahisi kidogo. Halafu ikawa kama nimevaa soksi. Halafu basi."

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekwambia vipi? Wewe unaniambia nimefaulu, umefurahi, unakwenda chuoni kuwapelekea. Ningesema sihisi, wangekuandikia nini? Wangesema huyu mtoto hata babake kamshinda."

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa akifikiri. Alidhani majibu yake nayapeleka kwa mwalimu. Alidhani mguu mbovu utanipunguzia maksi. Alikuwa akinifanyia mtihani wangu kila jioni baada ya kazi, macho kayafumba, akisikiliza dhahabu ya mama yake.

Nami, badala ya kumkumbatia, nilimgombeza. Pale pale, kwenye jua, mbele ya mlinzi wa maegesho. Nilimwambia amenidanganya, amejidanganya, mtu mzima na akili zake. Nilipiga kelele mpaka bangili zikapiga kelele nami. Yeye alisimama na kandambili moja na bandeji moja, akasema, "Haya, khalas, mwanangu, watu wanatutazama." Alikuwa ameaibika, na aibu ile niliyomtia mbele ya mlinzi ninaijutia kama ninavyoujutia mguu. Laiti ningenyamaza siku ile. Alikuwa na muda mchache uliobaki wa kusimama kwa miguu miwili, na sehemu ya muda huo aliitumia kusimamishwa na mimi juani.

Kidonda hakikupona. Walijaribu, sina la kuwalaumu. Walianza na vidole, wakapanda, mwisho wakasema chini ya goti. Baba aliwaambia inshallah kwa kila walichosema, kama anavyomwambia arbab. Nyumbani ukaanza msururu wa wageni wenye matunda na methali. Mama mmoja jirani, mwanamke mzuri tu, alikaa kando ya kitanda akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia atoke. Mama yangu alifadhaika, akanifuata jikoni akaniambia mgeni hafukuzwi hata siku ya kiama. Nikamjibu kwamba Baba hakuficha maradhi; mimi ndiye niliyekuwa nikiyapigia kengele ili ayapite. Mama akachukua sabuni ya vyombo, akanishika mkono na kunivua bangili moja baada ya moja mpaka zikaisha. Hakuniambia tena habari ya msiba.

Niliporudi chuoni, yule Mkenya mwenzangu alikuwa ameniandikia masomo yote yaliyonipita. "Pole sana, my dear," aliniambia. "Mzee anaendeleaje? Na wewe, umekula?" Ilipofika zamu yetu ya kitanda, mwalimu alisimama nyuma yangu, na kama desturi akatukumbusha kuvua mapambo. Nikamwambia yangu nimeyavua na hayarudi. Sauti yangu haikuwa na adabu. Akaniita pembeni, na mimi, ambaye sikuwahi kumpenda, nikamsimulia yote, mpaka ile "mbona haanzi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba miaka yote amewaambia wanafunzi wavue bangili kwa sababu ya uchafu, na hata siku moja hakufikiria sauti. Alirudia, sauti, kama anajisemea mwenyewe. Akarudi mbele ya darasa na kutufundisha kile kipimo upya: mguse mgonjwa, kisha jifanye unamgusa na usimguse, badilisha mwendo, nyamaza mara nyingine, umwone anasema nini pasipo na kitu. Ni jambo dogo na rahisi. Lingetosha jioni moja tu sebuleni kwetu. Niliandika huku machozi yakinidondoka kwenye karatasi, na yule Mkenya akawa ananifutia kwa pamba ya mazoezi.

Nilimaliza, nikavaa joho, tukapiga ile picha. Leo nafanya kazi kwenye kituo cha kuwafundisha watu kutembea upya, na wakubwa zangu wananisifu kwamba nina subira na wagonjwa wazee. Subira sina, na nyumbani wote wanalijua hilo. Nilicho nacho ni woga. Mzee akinijibu upesi na kwa furaha, mwili unanisisimka, naanza upya.

Baba alipata mguu wa bandia, akaupa sifa zote, akaurudisha kabatini kwa sababu, alisema, unambana. Ghalani hakurudi. Wachukuzi wake walimtembelea kwa muda, wakimletea iliki kwenye vifuko, halafu kila mtu akashikwa na mambo yake. Siku hizi anakaa kwenye dirisha linaloelekea barabarani, na siku moja aliniambia kwamba anachokikosa zaidi si mguu. "Zamani nilikuwa nakusikia ukiingia, tangu ngazini. Siku hizi nashtukia tu umeshasimama hapa." Bangili ziko kwenye mtoto wa meza ya Mama, zimefungwa kwenye leso.

Mguu wa kulia ndio uliobaki, na huo ndio ninaoupigania. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajaoga, namkalisha kwenye godoro lile lile. Nakagua kati ya vidole, nageuza soksi ndani nje kutafuta mchanga, napapasa ndani ya kiatu. Peku haruhusiwi, hata kwenda chooni. Kisha nampima, mikono mitupu.

Ijumaa iliyopita alifumba macho. Kichwa akakiinamisha upande wangu, sikio mbele, tabia haimtoki. Nilimgusa kidole gumba. Kimya. Cha pili, kimya. Wayo, kimya, na uso wake umekazana kama mtoto anayetafuta jibu kwenye dari. Nikajifanya namgusa na nisimguse: kimya. Nikafika kisiginoni, nikaibonyeza ile pamba kidogo.

"Hapo," akasema pole pole. Halafu, "Nadhani."

Ilikuwa kweli. Pamba ilikuwa pale. Katika zile "hapo" zote alizowahi kunipa, hiyo ndiyo ya kwanza ninayoiamini, na ilinibidi niangalie pembeni.

"Endelea," akasema, macho bado kayafumba.

"Nimemaliza, Baba."

Akafumbua macho. Akautazama mguu wake, akanitazama mimi, na uso ukamshuka.

"Moja tu?" akasema. "Nimefeli?"

Nilichukua soksi, nikaigeuza, nikamvisha taratibu mpaka juu ya kifundo, nikiuvuta mshono usimkae chini ya vidole.

"Wewe hujafeli, Baba," nikamwambia.